UZI: Jedwali la medali za judo Afrika linatudanganya, njooni tusome droo

MkandaKahawia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna grupu moja la WhatsApp nimo, la wapenda michezo. Kila yakiisha Mashindano ya Ubingwa wa Afrika ya judo, kuna jamaa lazima arushe picha ya jedwali la medali, halafu chini aandike "Tanzania wako wapi?" na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Alifanya hivyo baada ya Casablanca Septemba 2023, akarudia baada ya Cairo Aprili 2024. Baada ya Abidjan Aprili 2025 nikaona nihamie huku nimjibu kwa nafasi, maana kule ukizidisha mistari mitano unaambiwa umeleta gazeti.

Mimi nimecheza judo miaka tisa. Sikufika mbali, nikaishia mkanda wa kahawia na goti bovu. Siku hizi wakinialika nakaa mezani, nashika saa na ubao wa pointi. Ukishinda pale mezani tangu asubuhi unaona mengi ambayo jedwali la medali haliyasemi.

Hesabu kwanza. Ubingwa wa Afrika una madaraja 14 ya uzito. Wanaume saba: 60, 66, 73, 81, 90, 100 na zaidi ya 100. Wanawake saba: 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Kila daraja lina dhahabu moja, fedha moja na shaba MBILI. Jumla medali 56, na shaba peke yake ni 28, nusu ya mzigo wote. Mashindano ya timu mchanganyiko yana hesabu yake pembeni.

Hizo shaba 28 ndizo zinazowapoteza watu. Chukua daraja lenye wachezaji 6. Karatasi ya droo ina nafasi 8, kwa hiyo wawili wanapita bure hadi nusu fainali, na wanne wanacheza robo fainali mbili. Aliyefungwa robo fainali haendi kuoga. Anaingia kwenye repeshaji, njia ya kufufuka. Lakini kwa kuwa upande wake wa droo ulikuwa na robo fainali moja tu, hana wa kupigana naye huko, basi anasubiri moja kwa moja mechi ya shaba dhidi ya aliyefungwa nusu fainali ya upande wa pili.

Maana yake kuna mtu atapigwa mechi yake ya kwanza, atakaa kwenye benchi saa nzima anakula ndizi, atarudi ashinde mechi MOJA, na jioni anapanda jukwaani. Na kuna mwingine alipita bure, akafungwa nusu fainali, akafungwa na mechi ya shaba, akaandikwa "wa tano Afrika" bila kushinda hata mechi moja.

Sasa hamia kilo 73 za wanaume, tuseme wako 20. Kijana wa kwetu anaanzia raundi ya kwanza, anashinda. Raundi ya pili anashinda. Robo fainali anakutana na Mualgeria, anatupwa. Repeshaji anakutana na Mmisri, anatupwa tena. Kashinda mbili, kafungwa mbili, kamaliza wa saba. Kwenye jedwali la medali nchi yake haipo kabisa.

Kati ya hao watatu, nani kafanya kazi kubwa zaidi? Nendeni mkamuulize yule jamaa yangu wa vikatuni.

---

Ngoja Waje

Nimekaa paleee, nawasubiri wajuzi.

---

Mkorofi Mstaafu

Mkuu na heshima zote, hii ni mieleka ya kuvaa pajama. Leta uzi wa Simba na Yanga watu waje.

---

MkandaKahawia

Pajama hiyo usiidharau, nitakueleza ilivyowahi kunitesa. Vumilia.

---

Kijana wa Kasarani

Niko Nairobi, na huku ni yale yale. Watu wanaulizana "judo ya Kenya iliendaje" ukisema hakuna medali, wanageuza mazungumzo kwa riadha. Na tulikuwa na Kiplangat Sang, alienda Olimpiki ya London 2012 kwa kilo 90. Paris 2024 akaenda Zeddy Cherotich. Uliza watu kumi hapa tao, ukipata mmoja anayewajua nitakununulia chai.

Lakini MkandaKahawia, hapo kwa shaba ya mechi moja unawapunguzia watu jasho lao. Medali ni medali. Yule aliyepita bure hakujipangia droo, kompyuta ndiyo ilimpangia.

---

MkandaKahawia

@Kijana wa Kasarani hapo umenikamata vizuri, na ni kweli droo hajipangii mtu. Sisemi arudishe medali. Ninachopinga ni kuweka shaba hiyo na ya kilo 73 kwenye mizani moja, kisha tuseme nchi hii inajua judo na ile haijui.

Na wanaofuatilia kweli hawahesabu medali, wanahesabu pointi za orodha ya ubora wa dunia. Ubingwa wa Afrika unalipa kama yale mashindano ya Grand Prix ya shirikisho la dunia: dhahabu 700, fedha 490, shaba 350, wa tano 252, wa saba 182. Mashindano madogo ya African Open dhahabu yake ni 100. Yule wa saba wangu asiyekuwepo kwenye jedwali ametoka na pointi karibu mara mbili ya mtu aliyechukua DHAHABU kwenye African Open na kupokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na maua.

---

Mtoto wa Mwembeladu

Haya sasa, yakhe umenigusa. Sisi Unguja judo tunayo zamani, kuna Mjapani alikuja akaweka makazi hapa, akaanza kuwafunza vijana, na hadi leo ukipita jioni utawakuta wanajibwaga. Lakini wakenda nje wanaandikwa TAN mgongoni, kwa hivyo mtu wa Bara akisema "Tanzania wako wapi" ajue na sisi anatusema.

Nieleze kitu kimoja. Hizo pointi 182 mtu anazipeleka wapi? Kwa muuza nyanya hazipokelewi.

---

MkandaKahawia

Hahaha, kwa muuza nyanya hazipokelewi, ila mlango wa Olimpiki zinaufungua. Na hili watu wengi hawalijui, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kwenda Paris 2024 kulikuwa na njia kuu mbili. Ya kwanza: uwe kati ya 17 bora wa dunia kwenye uzito wako, na nchi moja inaruhusiwa mtu mmoja kwa kila uzito. Huko kuna Wajapani, Wafaransa, Wageorgia, kunatisha. Ya pili: nafasi za bara. Afrika ilipewa 24, wanaume 12 na wanawake 12. Ulaya 25, Amerika 21, Asia 20, Oceania 10. Sharti la hizo nafasi za bara ni kwamba nchi moja inapata MTU MMOJA TU, madaraja yote 14 yakichanganywa pamoja, mke kwa mume.

Itazame sasa. Algeria, Tunisia na Misri wanaweza kuzoa medali hadi zikajaa sanduku, ila wale wao ambao hawamo kwenye 17 bora ya dunia, bara linamchukua mmoja tu kwa kila nchi. Akishachukuliwa, wengine wote wa nchi hiyo wanarukwa, na orodha inashuka hadi kwa mwenye pointi zake mia na kitu aliyezikusanya mojamoja kama mtu anayeokota kokwa za korosho. Andrew Thomas Mlugu wa Tanzania alikwenda Paris kwa mlango huo wa bara, kilo 73, na ndiye aliyebeba bendera yetu pamoja na muogeleaji Sophia Latiff.

Bendera ile mliiona wote kwenye runinga. Hakuna aliyeuliza ilifikaje pale.

Na pointi zenyewe zinachuja. Hesabu ya Paris ilikuwa ya miaka miwili, kuanzia Juni 2022 hadi Juni 2024, na za mwaka wa kwanza zilihesabiwa nusu. Ukiikosa safari ya mwaka wa pili umekwisha.

---

Ngoja Waje

Aisee. Nilikuja kuchungulia tu, sasa nimevuta kiti.

---

Mkorofi Mstaafu

Sawa, nimekaa. Ila nijibu hili: hao Waarabu wa kaskazini wanatushinda nini? Mikono miwili, miguu miwili. Sisi tuna vijana wanabeba magunia Kariakoo kutwa nzima.

---

MkandaKahawia

Nguvu za gunia nazijua, na mezani nimeziona zikitupwa. Gunia halikugeukii. Ukilivuta linakuja. Mtu wa judo ukimvuta anakuja KUPITA ulivyotaka, anaingia chini yako, na unajikuta unaitazama taa ya dari.

Kaskazini wanacho kitu kimoja kikubwa: watu wa kucheza nao. Kijana wa Tunis anaruka hadi Paris kwa saa mbili na nusu hivi, anakaa kambi, anajibwaga na watu thelathini tofauti wa uzito wake. Wa kwetu anacheza na wenzake wale wale sita tangu darasa la saba. Anajua Hamisi anaanza na mguu wa kulia, na Hamisi anajua kwamba yeye anajua. Akienda Cairo akikutana na mtu wa mkono wa kushoto anaganda.

Na ni zamani. Salima Souakri wa Algeria alicheza Olimpiki nne, 1992 hadi 2004. Anis Lounifi wa Tunisia ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, kilo 60, Munich 2001. Vijana wao wanaanza wakiwa na mtu wa kumtazama.

Lakini hata wao msiwapambe sana. Medali za judo za Olimpiki kwa bara zima, tangu mchezo uingie Tokyo 1964, ni NNE. Mohamed Rashwan wa Misri, fedha, Los Angeles 1984. Kisha Beijing 2008 zikaja tatu kwa mpigo: Amar Benikhlef wa Algeria fedha kilo 90, Hesham Mesbah wa Misri shaba kilo hizo hizo 90, na Soraya Haddad wa Algeria shaba kilo 52. Baada ya hapo London, Rio, Tokyo, Paris: patupu. Vigogo wa jedwali la Afrika wakivuka bahari wanakuwa kama sisi tunavyokuwa Cairo.

---

Babu wa Kinesi

Rashwan nilimsoma kwenye gazeti wakati ule. Si ndiye aliyekataa kumpiga Mjapani mguu ulioumia?

---

MkandaKahawia

Shikamoo Babu. Ndiye. Fainali dhidi ya Yamashita, na Yamashita alikuwa ameumia msuli wa mguu wa kulia kwenye mechi za kabla. Dunia ikamsifu Rashwan kwa kutouandama ule mguu, akapewa na tuzo ya mchezo wa haki. Wenye kupenda ubishi wanaitazama ile video mpaka leo, wanasema mbona kuna shambulio moja la upande ule ule. Mimi nimeitazama mara nyingi, naona mtu aliyeingia kasi akakosa, Yamashita akamlaza na kumkandamiza chini hadi muda ukatimia. Ilikuwa fupi sana.

---

Babu wa Kinesi

Marahaba. Basi tulidanganywa nusu.

---

Mwana Ibanda

Jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Nairobi. Mumetaja Kenya, mumetaja Tanzania, na Congo je? Popole Misenga ni mutoto wa kwetu Bukavu. Na Yolande Mabika pia, wa Bukavu.

Popole alikimbia vita akiwa mudogo, alibaki mu pori siku nane kabla watu wamupate, akapelekwa Kinshasa, kule ndiko alijifunzia judo. Mwaka 2010 alichukua shaba ya Afrika ya vijana chini ya miaka 20. Iyo shaba mu jedwali imeandikwa Congo, sivyo? Mwaka 2013 wakaenda mashindano ya dunia kule Rio, na wenyewe walisema mbele ya watu wote kwamba waliachwa bila pasipoti, bila franga, bila chakula. Wakatoka mu hoteli, wakaomba ukimbizi. Miaka tatu wakaishi Rio.

Halafu Olimpiki ikawafuata pale pale walipokuwa. 2016, timu ya wakimbizi. Popole kilo 90 akamupiga Muhindi, Avtar Singh. Uwanja wote ukasimama, Wabrazili wanaimba jina lake. Mechi ya pili akakutana na Gwak Dong-han wa Korea, bingwa wa dunia wa 2015, akavumilia karibu mpaka mwisho. Mimi nililia, sifichi.

Sasa nauliza: ile mechi aliyoshinda, munaiandika mu safu ya inchi gani?

---

MkandaKahawia

@Mwana Ibanda sina jibu, ndugu. Asante kwa kuileta. Nilikuwa nayo kichwani nikaona si yangu kuisimulia.

---

Mtoto wa Mwembeladu

Na kinyume chake pia kipo. Kuna wanaokuja Afrika kutoka kwengine kufuata medali rahisi. Yule Taciana Lima alikuwa wa Brazil, mara akawa wa Guinea-Bissau, akabeba ubingwa wa Afrika kilo 48 si mara moja. Hiyo si njia ya mkato?

---

Kijana wa Kasarani

Babake si ni wa Guinea-Bissau? Sasa mtoto akifuata nchi ya babake ni makosa? Hata kwa kandanda tunafanya hivyo kila siku na tunashangilia.

---

MkandaKahawia

Naungana na Kasarani. Isitoshe, Brazil kwenye kilo 48 kulikuwa na Sarah Menezes, bingwa wa Olimpiki wa London 2012. Nchi moja mtu mmoja. Ungekuwa wewe, ungekaa benchi miaka minne unamshikia taulo? Na faida ilirudi: watoto wa Bissau wakapata wa kumtazama.

Anayenifurahisha mimi zaidi ni Christianne Legentil wa Mauritius. Huyu kazaliwa Rodrigues, kisiwa ambacho kwenye ramani unaweza kukidhania tone la wino. Kafika robo fainali ya Olimpiki London 2012, kilo 52. Kwa hiyo wale wa "nchi yetu ndogo, hatuna watu" naomba mkae kimya kidogo.

---

Mkorofi Mstaafu

Uliahidi habari ya pajama.

---

MkandaKahawia

Haya, nalipa deni.

Gi, yaani hilo vazi la judo, ina vipimo. Kabla hujaingia kwenye mkeka kuna meza wanakukagua: unanyoosha mikono mbele, sharti mkono wa gi ufike kwenye kifundo cha kiganja. Ukiwa mfupi, mpinzani hana pa kukushika, umemdhulumu. Na unatakiwa uwe nazo mbili, nyeupe na ya bluu, kwa sababu aliyeitwa kwanza anavaa nyeupe na wa pili bluu, hujui utaitwa upande gani. Kwenye mashindano makubwa lazima ziwe na lebo ya shirikisho la dunia, na moja tu yenye lebo hiyo bei yake unanunua mbuzi wa kutosha shughuli.

Mwaka fulani tulikwenda mashindano ya kanda, nchi jirani, kwa basi. Safari ya usiku kucha. Gi yangu nyeupe ilikuwa mpya, nimeichangiwa na ndugu. Kabla ya safari dada yangu kwa mapenzi yake akaifua kwa maji ya moto ing'ae. Pamba ile ikarudi. Mimi sikuipima, nikaikunja nikaitia begini.

Asubuhi ya mashindano nanyoosha mikono, mkaguzi anaangalia, anatikisa kichwa. Sentimita kama nne zimepungua. Nikamwambia nina ya bluu, akasema umeitwa nyeupe. Waandaaji walitakiwa kuwa na gi za akiba; wakaniambia ziko kwenye gari, na gari limekwenda kuchukua maji ya kunywa. Kocha akazunguka ukumbi mzima anaomba. Mganda mmoja mkubwa kuliko mimi akavua yake, bado ina joto, herufi za UGA mgongoni zimebanduka nusu. Nikaivaa. Suruali naishikilia kwa mkono mmoja ninapoinama kusalimu.

Nilipigwa kwa sekunde 40 hivi. Nikikumbuka vizuri, nusu ya muda huo nilikuwa navuta suruali.

Yule Mganda akaichukua gi yake, akaivaa, akaenda akashinda mechi mbili nayo. Hapo ndipo nilipojua tatizo halikuwa gi peke yake.

---

Mkorofi Mstaafu

😂😂😂 Nimefuta neno pajama. Samahani mkuu.

---

Mama Wawili

Nimesoma wote hadi machozi, kwanza ya Popole kisha ya suruali. Naomba kuuliza kuhusu uzito. Niliona habari kwamba watu wanajinyima kula na maji. Ni kweli?

---

MkandaKahawia

Ni kweli dada yangu, na hapo ndipo medali nyingine zinapopotelea bila kufika kwenye droo.

Kupima ni jioni ya kuamkia siku ya mashindano. Ukipita hoteli wanayokaa wachezaji saa kumi jioni utadhani kuna msiba: vijana wamevaa majaketi mawili mawili kwenye joto la Dar, wanakimbia ngazi, mkononi chupa tupu ya kutemea mate. Hawasemi. Ukimpa mtu pole anakukazia macho. Akishuka kwenye mizani, dakika tano baadaye ndiye huyo huyo anakugawia biskuti na kukuuliza habari za nyumbani.

Zamani wengine walikuwa wanajikausha kilo nyingi, halafu wanakula usiku kucha, kesho wanaingia wazito kuliko daraja lao. Sasa asubuhi kuna kupima kwa bahati nasibu, na haturuhusu kuzidi asilimia 5. Wa kilo 60 asizidi 63. Wa 73 asizidi 76.65. Akizidi, nje.

Na mizani haina undugu. Paris 2024 Messaoud Dris wa Algeria ilimsoma 73.4, gramu 400 tu juu, akaondolewa kabla ya mechi yake na Muisraeli. Watu wakaanza kubishana kama ni mizani au ni siasa. Huo ubishi naomba tusiufungue hapa, mods wataufunga uzi mchana kweupe.

---

Kijana wa Kasarani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nasikia sheria zilibadilika tena. Mimi niliacha kutazama wakati "yuko", ile pointi ndogo kabisa, ilitolewa.

---

MkandaKahawia

Imerudi. Kuanzia 2025 yuko ipo tena. Kwa kukandamiza chini: sekunde 5 hadi 9 yuko, 10 hadi 19 waza-ari, 20 ippon, mechi imekwisha. Waza-ari mbili ni ippon. Adhabu za shido tatu unatolewa. Mechi dakika 4 kwa wote, mkitoka sare mnaendelea bila kikomo hadi mmoja apate pointi au adhabu imwangushe.

Kwetu mezani yuko imeleta kazi, maana sekunde ya tano sasa ina thamani. Zamani mtu akikandamizwa sekunde saba akachomoka, tulifuta tukaendelea. Kwa upande wa wachezaji wetu mimi naona imewasaidia, kwa sababu wengi wao wakiwa chini kwenye mkeka wako vizuri kuliko wakisimama. Hiyo inatokana na ufukara wetu pia: ukifanya mazoezi kwenye mkeka mwembamba uliowekwa juu ya sakafu ya saruji, hamtupani sana. Mnashuka chini mapema mnakamatana hukohuko. Wa Mwembeladu anajua ninachosema.

---

Mtoto wa Mwembeladu

Najua sana. Nyonga yangu inajua zaidi.

---

Ngoja Waje

Kwahiyo mwakani mashindano yakiisha tusome nini kwanza?

---

MkandaKahawia

Fungua ukurasa wa matokeo, acha jedwali, tafuta karatasi ya droo ya uzito mmoja. Angalia wako wangapi. Kisha mtafute wa kwetu, umfuate na kidole: kaanzia wapi, kamfunga nani, kafungwa na nani, kwa ippon au kwa shido. Aliyefungwa kwa shido tatu kwenye muda wa ziada na bingwa si sawa na aliyelazwa sekunde ya kumi. Nimewahi kukuta kijana wa Afrika Mashariki kashikana na mtu wa kaskazini dakika saba, nane, mpaka mwamuzi mwenyewe anapumua. Kafungwa. Kwenye jedwali, sifuri.

Na 2026 kuna Olimpiki ya Vijana Dakar, ya kwanza kufanyika Afrika, judo imo. Wasenegali na mieleka yao ya mchangani wanajua kushikana tangu utotoni. Mtazameni Mbagnick Ndiaye wao wa zaidi ya kilo 100, amewahi kuwa bingwa wa Afrika. Nataka nione watoto wetu watafika wangapi.

---

Mama Wawili

Hapo kwa watoto. Binti yangu ana miaka 11, kilo 31, anapigana na kaka yake kutwa na kaka ndiye anayelia. Tuko Temeke. Nianzie wapi, na nimnunulie ile nguo ya bei ya mbuzi?

---

MkandaKahawia

Usinunue kitu. Aje na suruali ya michezo na fulana nzito isiyochanika, gi ataazimwa. Wiki mbili tatu za mwanzo hatamtupa mtu, atafundishwa kuanguka tu: nyuma, kushoto, kulia, mkono unapiga mkeka paa. Akirudi nyumbani anajiangusha sebuleni usimpige, ni kazi ya nyumbani. Mwambie na kaka yake aje, kilo za karibu karibu tunazitafuta kwa tochi.

Nicheki inbox nikuelekeze kituo cha karibu. Na mkate kucha kabla ya kumleta, za mikono na za miguu. Kwa kucha tunamrudisha mtu mlangoni, hata awe bingwa wa Afrika.